Gofu Jipya la Mtukufu Leberecht

Ellersrode, 9 Machi 1794

Kwako mwanangu Traugott,

Pokea salamu za shangazi yako. Kama hukohoi basi una bahati, maana huku nusu ya kijiji inakohoa na nusu nyingine inalalamika kwamba imekoseshwa usingizi. Mimi ni mzima isipokuwa mikono, ambayo imezoea maji ya moto ya nguo za kasri hadi nikishika sufuria ya uji siungui. Nguruwe amezaa vitoto vingi na mmoja wao ana uso wa karani wa ushuru, kabisa kabisa, watu wanakuja kumtazama. Mchungaji bado anaumwa dole gumba la mguu, na anahubiri kana kwamba dole hilo ni letu sote. Apollonia ameolewa na yule seremala mwenye sikio moja. Anasema amechagua vizuri, kwa kuwa akitaka kumsema vibaya anakaa upande ule usiosikia.

Baba yako hajambo. Anakula, analala, analalamika.

Sasa nisikilize. Mtukufu wetu Leberecht alikwenda kumtembelea mtawala mwenzake huko kusini, akaonyeshwa bustani, na ndani ya bustani kuna kilima, na juu ya kilima kuna ngome ya kale iliyobomoka, popo wanaingia na kutoka. Tangu arudi hana raha. Anasema mtawala asiye na gofu ni sawa na mtu asiye na babu. Naye babu anaye, sote tunamjua, aliuza chumvi hadi mfalme akamkopa, na kwa kushindwa kumlipa akampa cheo. Hiyo ndiyo historia ya ukoo mzima, na haina popo.

Basi anataka gofu lijengwe. Jipya. Akamwita baba yako, fundi mwashi mkuu wa kasri, akamwambia anataka ngome iliyobomoka juu ya kile kilima nyuma ya bwawa la samaki. Kaka yangu akauliza, kwa heshima, kwamba akishaijenga ni nani ataibomoa. Mtukufu akamjibu, "Hapana, Balthasar. Ijenge ikiwa imeshabomoka."

Baba yako alirudi nyumbani akaketi bila kuvua kofia. Supu ikapoa. Mwishowe akasema, "Maisha yangu yote nimefukuza watu kazini kwa kufanya hiki ninachoombwa kukifanya sasa."

Nami nikafikiri, ni kweli, na mmoja wao namfahamu. Sitaji jina. Nakumbuka tu ukuta wa shule, na Jumapili ile baada ya ibada, na baba mtu ameshika timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia kama ukuta umenyooka, mbele ya waumini wote, akiwaonyesha ukuta wa mwanawe ulivyopinda, kisha akauangusha kwa nyundo huku kwaya ikitazama. Ukuta ule ungekuwa juu ya kilima leo, ungetungiwa shairi.

Hajaniambia nikuandikie. Hajanikataza pia.

Mwenye kukuombea mema na soksi kavu,
Shangazi Benigna


Lübeck, 27 Aprili 1794

Shangazi yangu mpenzi,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, imekauka na kulowa tena, na bado ilinichekesha. Huku pepo za bahari hazina adabu na mji wote unanuka samaki wa chumvi, lakini mtu huzoea. Mimi ni mzima. Bi Ottilie, mwenye nyumba, anakusalimu na anataka kujua bei ya yule nguruwe mwenye sura ya karani. Kazi ni nzuri. Tunaamka mapema mno, ndiyo shida yake pekee.

Habari ya gofu nimeisoma mara nyingi. Kwanza nilicheka hadi nikakosa pumzi. Kisha nikaacha kucheka.

Shangazi, mwambie baba kwamba kama ana shida ya ukuta uliopinda, aandike mwenyewe. Kuandika anajua. Alipobandika tangazo kwenye mlango wa kanisa, kuwataka waashi wa wilaya nzima wasinipe kazi, jina langu aliliandika kwa herufi nzuri sana, halikukosewa hata moja. Nililisoma pamoja na watu wengine, nikiwa nimebeba mfuko wangu begani. Kuvunjwa ukuta nilikuwa nimeshakuvumilia. Lile tangazo ndilo lililonifikisha huku.

Kwa hiyo siji. Usikasirike. Nawapenda wewe na nguruwe.

Jambo moja tu. Umeandika, "Anakula, analala, analalamika." Karani wa ushuru umempa mistari mingi kuliko baba yangu. Kwa nini?

Mtoto wa kaka yako,
Traugott


Ellersrode, 18 Juni 1794

Traugott, mwanangu mwenye maswali,

Salamu kwako na kwa huyo Bi Ottilie, ambaye katika barua moja fupi umemtaja kwa sauti ya mtu anayejikwaa. Kikohozi kimekwisha kijijini na sasa watu wamepata nguvu ya kugombana. Karani wa ushuru tumemuuza. Apollonia na seremala hawasemezani, na kwa kuwa yeye ana sikio moja, nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika.

Barua yako ilifika na doa la siagi, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na unga. Nilijiuliza ni mwashi gani wa Lübeck anayeamka kabla ya jogoo na kuandika barua zenye siagi. Lakini mimi si mtu wa kuuliza.

Gofu limeanza. Mtukufu amempa kazi ya kulichora Bwana Nothnagel, yule mwalimu wa watoto wa kasri, kwa sababu anajua Kilatini. Mawe yameletwa kutoka kwenye zizi la zamani la kondoo. Baba yako akajenga upande mmoja, wenye dirisha la upinde, na mwanangu, ni ukuta mzuri kuliko wa kanisa. Mtukufu alipanda kilima na wageni wake, akautazama, uso ukamshuka. Akasema, "Balthasar, humu naweza kuhamia kesho." Baba yako alikuwa tayari ameshainama kushukuru, ndipo akagundua kwamba ametukanwa.

Nothnagel akachukua mkaa, akachora ukutani mahali panapotakiwa nyufa. Baba yako akasema yeye hatampiga nyundo mtoto mwenye afya. (Nilimtazama aliposema hivyo. Alitazama pembeni.) Mtukufu akaamua kutumia mzinga. Unalijua jeshi letu, wote wanaenea kwenye benchi langu la kufulia, na mzinga wenyewe hupigwa siku yake ya kuzaliwa tu. Wakaukokota hadi bwawani, wakaulenga, wakapiga. Tufe la chuma likagonga ukuta wa baba yako, ukuta haukusikia chochote, tufe likarudi lilikotoka, likamuua bata bukini wa mchungaji. Mchungaji aliomboleza kuliko alivyomwombolezea mkewe, na wanajeshi walirudi nyumbani wakitembea mmoja mmoja.

Lakini hakuna kilichopotea. Nothnagel ameliokota tufe, na sasa limewekwa kwenye mto wa mahameli katika ukumbi wa kasri, kama ushahidi wa vita. Ndiyo, tulikuwa na vita. Ameandika historia yote. Miaka mia tatu iliyopita ngome hii ilizingirwa na adui, mwenye ngome, Bwana Ruprecht, babu wa Mtukufu, akafa langoni, na mkewe Mechthild akajitupa kutoka kwenye mnara. Yule mama Gundel jirani yetu ameanza kuapa kwamba nyanya wa nyanya yake ndiye aliyemwosha maiti. Nikamwambia, Gundel, mnara wenyewe haujajengwa. Akasema ndiyo maana huzuni yake ni kubwa zaidi.

Uliuliza kuhusu baba yako. Amepungua kidogo. Ni joto.

Anayekungoja bila kukuambia,
Shangazi Benigna


Lübeck, 30 Agosti 1794

Shangazi,

Salamu kutoka kwenye mji wa samaki. Tumepata mvua, tumepata jua, tumepata meli ya Warusi ambao walinunua kila kitu na kuimba. Sote tu wazima.

Barua yako niliisoma kwa sauti dukani. Ottilie alicheka kwa habari za bata hadi akalazimika kukaa juu ya gunia. Gunia la unga, ndiyo. Wewe si mtu wa kuuliza, basi nami acha nijibu. Mimi ni mwokaji mikate.

Baada ya lile tangazo nilitembea kuelekea kaskazini hadi nikafika mahali ambapo hakuna aliyelisoma. Tanuri la Ottilie lilikuwa limepasuka. Mumewe wa kwanza alikuwa amefariki, akamwachia duka na binti wawili wenye midomo kama yako. Alinipa kazi ya kujenga tanuri jipya. Nilijenga kwa hofu, nikipima kila tofali kwa timazi mara mbili, na bado liliegemea upande. Nikavua kofia nikaanza kuomba radhi. Akaniambia, "Mimi sitakaa juu yake, nitaoka ndani yake." Mikate ikatoka vizuri. Nikabaki kuangalia kama tanuri litaanguka, halikuanguka, na mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, kwamba fundi Zeuner amezaa mtu wa maandazi.

Sasa umejua. Basi nami nijulishe. "Ni joto" si jibu. Mwaka wote huu hujaniandikia hata neno moja la ukali lililotoka kinywani mwa baba kuhusu mimi. Zamani kila barua ilikuwa na moja, nami nilikuwa nikilitafuta kabla ya mengine yote. Baba ana nini?

Traugott


Ellersrode, 12 Oktoba 1794

Mwanangu,

Salamu kwako, na kwa mke wako, na kwa mabinti wenye midomo, ambao nimeshawapenda. Kuhusu aibu ya maandazi sina la kusema, ila kwamba watu hula kila siku na gofu hujengwa mara moja.

Nitakueleza kwa utaratibu.

Mwezi uliopita Mtukufu alichoka kusubiri. Akamwambia baba yako ajenge upande wa pili, unaotazama bwawa, na usipobomoka vizuri kazi itapewa fundi wa mjini. Baba yako alirudi akaniambia, "Nitawajengea ukuta ulionyooka. Wakitaka ubomoke, waubomoe wenyewe. Mimi nina jina." Akawafukuza wasaidizi wote, akajenga peke yake, mwezi mzima. Jioni alikuwa akirudi na chokaa hadi kwenye nyusi, amefurahi kama mtu aliyemlaghai mfalme.

Siku ya kuufunua, kasri lote lilipanda kilimani, nasi madobi tukaenda na vikapu vyetu. Pazia likaondolewa. Traugott, sijawahi kuona kitu kama kile. Ukuta ulijivuta kulia, ukajuta, ukarudi kushoto. Mawe yalikaa kama meno ya mzee. Dirisha lilikuwa limelala kama mlevi aliyeegemea rafiki. Nothnagel alitoa machozi. Mtukufu akamkumbatia baba yako, fundi, mwenye chokaa, mbele ya wageni, akasema hakuna mtu katika Ujerumani yote anayeelewa kuanguka kwa vitu kama Balthasar Zeuner. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sikujua la kufanya na mikono.

Baba yako hakungoja makofi yaishe. Aliinamisha kichwa akashuka.

Nyumbani alikaa mezani. Akaniita. "Benigna. Ule ukuta wangu umenyooka?"

Nikamwambia umependeza.

"Sikuuliza hivyo."

Nikaanza kufuta meza. Akavua kofia, akaiweka mezani, na nusu yake ikabaki hewani ikaanguka chini. Hakuiona ilipoanguka. Akasema, "Nilidhani ni ukungu. Nilidhani mwaka huu kuna ukungu mwingi."

Mimi nilijua tangu Machi. Alianza kumimina bia kando ya kikombe, na alipanda ngazi kwa kuhesabu na kidole ukutani. Nilinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza. Ndiyo maana nguruwe alipata mistari mingi.

Sasa kila mtu anamwita bingwa. Mtukufu anataka mnara uanze majira ya kuchipua, ule anaojitupa Mechthild, na ujengwe na mkono ule ule. Baba yako hajamwambia mtu. Anakaa na kofia kichwani. Mwezi wa kwanza kasri zima linahamia mjini hadi baada ya Pentekoste, nami na sabuni zangu lazima niende, na yeye atabaki peke yake na jiko la moto.

Sikuombi uje kujenga. Sikuombi umsamehe, hilo ni lako. Nakuomba uje.

Benigna


Lübeck, 21 Novemba 1794

Shangazi,

Salamu. Ni barua fupi, tunaoka keki za Krismasi, na mikono yangu ina asali.

Nilimwambia Ottilie kwamba siwezi kuacha duka. Akasema, "Mikate ilikuwa inaiva kabla hujazaliwa." Nikasema njia ni mbaya. Akasema kwamba nilipokuja nilitembea kwa miguu, na sasa nina viatu vizuri zaidi. Nikasema baba yangu hanitaki. Akaendelea kukanda, kisha akasema, "Hatakuona. Anza na hilo." Ndivyo alivyo.

Nakuja baada ya Mwaka Mpya. Siji kwa sababu nimesahau lile tangazo. Na usimwambie baba. Atavaa koti jipya na kujiandaa kunikataa.

Traugott


Ellersrode, 26 Aprili 1795

Kwa Shangazi Benigna, mkuu wa madobi wa Mtukufu, huko mjini,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti chako, ambacho nimekikalia hadi kimelegea. Natumaini mvuke wa mjini si mbaya kuliko wa hapa. Gundel anakusalimu. Sasa anasema Mechthild aliacha mtoto mchanga, na mtoto huyo ni ukoo wake. Apollonia amemrudia seremala. Anasema alikosa mtu wa kumsema.

Ulitaka habari tangu mwanzo, na barua zangu za awali zilikuwa za kuomba radhi tu kwamba sina la kuandika. Leo ninalo.

Nilipofika ile Januari, ulikuwa umeondoka siku chache tu. Nilifungua mlango wa jikoni. Baba alikuwa amekaa karibu na moto akimenya kiazi, na kiazi kilikuwa kimebaki kidogo sana. Hakugeuka. Akasema, "Nani ananuka mkate?"

Nikasema, "Ni mimi, baba. Traugott."

"Traugott hakuwa ananuka mkate." Akamenya tena. Kisha akasema, "Umechelewa chakula. Kuna supu."

Hayo ndiyo mapokezi niliyotembea wiki nzima kuyafuata. Nilikunywa supu. Ilikuwa na maganda.

Tulikaa hivyo Februari yote. Nilioka, alilalamika kuhusu mikate, akaimaliza. Hakuuliza nimekuja kwa nini, nami sikusema. Barafu ilipoyeyuka na chokaa ikaweza kushika, alivaa koti akasema twende kilimani. Nilimwongoza hadi bwawani, kutoka hapo akaniongoza yeye.

Nimeuona ule ukuta, shangazi. Ni kama ulivyouandika, na tena zaidi. Alisimama akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, kiganja chote, polepole, akipita kwenye kila kosa. Nilitazama samaki.

Kisha akaniambia nianze mnara mimi. "Wewe ndiye uliyezaliwa na mkono wa kupinda," alisema. Nikafanya kazi wiki nzima. Nilijitahidi kupinda. Akaja akaweka kiganja ukutani, akakitelezesha juu, akakitelezesha chini. Akakunja uso. "Umenyooka."

Nikasema haiwezekani. Nikaweka timazi. Uzi ulishuka sambamba na mawe toka juu hadi chini, haukugusa popote, haukuacha popote. Miaka yote hii nimekuwa nikipima kila kitu, tanuri, meza, mistari ya mikate kwenye rafu, kwa ajili ya kumwogopa mtu huyu, na sasa siwezi tena kujenga vibaya. Nilimwambia hivyo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, shangazi. Alicheka hadi akakaa chini kwenye tope na koti lake. Nikakaa pamoja naye.

Basi tukabadilishana. Yeye anajenga, mimi nampa mawe na chokaa. Sheria yake ni moja tu, nisimrekebishe. Juzi jiwe moja lilikaa vibaya mno nikalisogeza kwa kidole, kidogo tu, akanipiga mkononi kwa mwiko bila kukosea. Jana, akiwa ameshika jiwe, akasema bila kunigeukia, "Ule ukuta wa shule. Ungesimama."

Nikasema, "Najua."

"Hata mimi nilijua," akasema. Akaliweka jiwe. "Lete chokaa."

Sikuweza kumletea mara moja. Nilizunguka nyuma ya mnara nikakaa huko kwa muda, na hakuniita.

Mnara utakwisha kabla hamjarudi. Nilimwomba aje nami Lübeck. Amekataa. Anasema huko kuna ngazi asizozijua. Ukikwisha tu naondoka, la sivyo Ottilie ataolewa na tanuri. Nitamwachia Apollonia funguo za jiko hadi ufike, na seremala ameweka kamba toka mlangoni kwenu hadi kilimani, ili baba aifuate.

Traugott


Ellersrode, 16 Agosti 1795

Mwanangu Traugott,

Salamu nyingi kwako, kwa Ottilie, na kwa mabinti. Keki mliyotuma ilifika ikiwa unga, tukaila kwa kijiko. Mchungaji amenunua bata mwingine na anamfungia ndani kila akimwona mwanajeshi. Mimi nilirudi nikakuta kiti changu kimelegea. Umesamehewa.

Gofu limefunguliwa rasmi. Kulikuwa na fataki, na msichana mmoja wa kasri alipanda mnarani na kuvaa nyeupe, akajifanya anajitupa, akaogopa kweli, ikabidi ashushwe kwa ngazi. Wageni wanatoka mbali. Mwezi uliopita upepo uliangusha ule ukuta wa kwanza wa baba yako, ule uliolishinda tufe. Nothnagel alikuwa ameutoboa kwa siri ili uonekane mzee. Mtukufu akapiga kelele kwamba gofu lake limeharibika na kwamba lazima lijengwe upya lilivyokuwa limebomoka. Alipoona wageni wanapenda rundo la mawe kuliko ukuta, akanyamaza. Upande wa baba yako wa bwawani, na mnara wenu, havijatikisika.

Sasa habari yake. Mtukufu ameshaambiwa kuhusu macho. Nilimwambia mimi, nikiwa na kikapu cha shuka zake mikononi, kwa hiyo ilimbidi asikilize. Akasema Balthasar achague kazi yoyote anayoiweza. Kaka yangu akachagua kulinda gofu. Kila asubuhi hufuata kamba hadi juu, hukaa langoni kwenye jiwe na fimbo yake na lile koti, na wageni wakimwona tu wanashusha sauti. Wanaulizana kama ni shujaa wa kale.

Naye, kwa kuwa ni baba yako, anawaambia ukweli. Wakimuuliza vita vilikuwa lini, anasema hapakuwa na vita, palikuwa na bata. Wakimuuliza ngome ni ya karne gani, anasema, "Mnara ni wa Mei." Nothnagel alikimbia kwa Mtukufu akalia kwamba mzee anaharibu historia. Mtukufu akaja kujificha nyuma ya nguzo asikie mwenyewe. Wageni walikuwa wakishikana mikono kwa huzuni, wakisema maskini, vita vimemtoa akili. Mtukufu akatoka mafichoni amefurahi sana, akamwambia, "Balthasar, unaigiza vizuri ajabu. Endelea hivyo hivyo." Kaka yangu aliniuliza baadaye kama mtu anaweza kujiuzulu kutoka kwenye ujinga wa mwingine. Lakini haachi kwenda. Nadhani anapenda kuugusa ule mnara.

Jana alikuja mama mmoja wa ukoo mkubwa, na watumishi wake na mwamvuli wa jua. Mimi nilikuwa nimempelekea kaka yangu chakula, kwa hiyo nilikuwepo. Akainama kwake kwa upole, akamuuliza, "Mzee, waliishi akina nani humu?"

Akasema, "Hakuna, mama. Humu hakuna aliyewahi kuishi." Akafikiri. Akaweka kiganja chake ukutani. "Ila mimi na mwanangu. Msimu mmoja."

Yule mama akatoa kitambaa akajifuta macho. Alinivuta pembeni akaninong'oneza kama kijana huyo alifia langoni. Nikamwambia hapana, yu hai, yuko Lübeck, ana mke na tanuri, anaoka. Nilimwona kabisa alivyovunjika moyo.

Shangazi yako, ambaye ana nguo nyingi za kufua,
Benigna